Aliyekosa Karatasi na Waliomsimamia

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini Kidichi, Unguja, baina ya Magharibi na Isha)

  



Nimetakiwa na kamati ya msikiti nizungumze juu ya uongozi katika jamii. Nilipopewa mada hii nilifungua vitabu vya siyasa shar'iyya nilivyorudi navyo kutoka Khartoum, nikakusudia kukutajieni sharti za imamu na khitilafu za wanavyuoni katika sharti hizo. Baadaye nikavifunga. Si kwa kuvidharau, lakini nimeona ya kuwa sisi wa Kidichi hatuna haja kubwa usiku wa leo ya kujua sharti za khalifa. Tuna haja ya kujua jambo dogo zaidi, nalo ni hili: mtu ambaye hayumo katika daftari lolote, nani humsimamia mpaka akaandikwa?

Kisa nitakachokieleza kimetokea ng'ambo ya mkondo wa Pemba, na waliohusika ni watoto wa visiwa hivi hivi.

Nyote mnaijua dago. Mvuvi wa Kojani au wa Micheweni huondoka na wenziwe, wakafuata samaki na upepo, wakapiga kambi ufukweni mwa watu kwa miezi, kisha wakarejea. Wazee wetu wa Pemba walikwenda dago pwani ya Kenya tangu zamani. Tangu miaka ya 1930 na 1940 wako waliokwenda wasirudi: wakaoa, wakajenga, wakazika. Wengine walivuka baada ya mwaka 1964 kwa sababu ambazo wazee mnazijua kuliko mimi. (Waliokimbilia Shimoni mwaka 2001 ni wengine, wala wasichanganywe na hawa.) Wakati wa kuvuka kwa wale wa mwanzo Kenya na Zanzibar zilikuwa chini ya Muingereza mmoja, na mvuvi hakuulizwa karatasi baharini. Disemba 1963 nchi zote mbili zikapata uhuru kwa kupishana siku mbili, na miezi michache baadaye Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Mpaka ukawa mpaka. Aliyekuwa Kilifi au Kwale siku ile akabaki huko na wanawe, na wajukuu wakazaliwa huko huko, lakini Kenya ilisema hawa ni wa Tanzania, na Tanzania haikuwa na habari nao. Inakisiwa idadi yao ilifikia watu 7,000 hivi. Hao ndio Wapemba wa Kenya.

Naomba mtafakari maana ya kukosa kitambulisho katika zama zetu, kwa sababu aliyenacho mfukoni hakioni uzito wake. Mvuvi asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvulia, kwa hiyo bahari aliyorithi kwa babu yake anaiingia kama mwizi, na akikamatwa hana la kusema. Hawezi kuandikisha chombo kwa jina lake, hata kama fedha ni zake. Hukiandika kwa jina la jirani, na siku jirani akibadilika moyo hana shahidi. Hasajili laini ya simu. Hafungui akaunti benki. Mtoto wake anasoma skuli ya msingi vizuri, na unapofika mtihani wa taifa anaulizwa cheti cha kuzaliwa, na cheti hakipatikani kwa kuwa baba naye hana cha kuonesha. Mtoto anarudi ufukweni. Na ufukweni ndiko alikoanzia baba yake, na babu yake kabla yake.

Hayo ni mambo ya dunia. Mimi kama mwalimu wa dini kilichonishtua zaidi ni kingine. Baadhi yao, kwa dhiki, walijiandikisha kwa makabila yasiyokuwa yao. Akaja mtu akasema mimi ni Mdigo, mwengine akasema mimi ni Mbajuni, akaazima jina la ukoo wa watu ili apewe kadi. Ndugu zangu, mnajua uzito wa nasaba katika sharia yetu. Kujinasibisha na asiyekuwa baba yako ukijua si jambo dogo; wanavyuoni wameliweka katika madhambi makubwa. Hapa basi tunamwona Muislamu anayesali, anayefunga, anayekula cha halali kutoka baharini, amesukumwa na ukosefu wa karatasi mpaka kwenye mlango wa dhambi kubwa. Ni rahisi kumlaumu, naye hakosi sehemu yake ya lawama. Lakini nauliza, aliyekaa na muhuri mezani, akawa anajua kwamba mtu huyu amezaliwa pale na mama yake amezikwa pale, naye akamwambia nenda usirudi, huyo hana sehemu?

Tuje kwa waliosimama.

Wa mwanzo hawakuwa Wapemba. Walikuwa Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji na Waingereza kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na wengi wao wakabaki Kwale. Nao hawakuwa na nchi. Sheria mpya ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia waliokuwa ndani ya nchi tangu siku ya uhuru, 12 Disemba 1963, ikawapa miaka mitano waombe. Miaka mitano ikapita na mlango ukabaki umeandikwa tu kwenye karatasi. Oktoba 2016 Wamakonde, wakiongozwa na mwenyekiti wao Thomas Nguli, wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, mamia ya watu, wakiwamo wazee na kina mama, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikiwa pamoja nao. Walizuiwa njiani, hawakurudi. Tarehe 13 Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu akaagiza waandikishwe, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Muda wa sheria nao ukaongezwa hadi mwaka 2019.

Wapemba waliona. Wakajua kwamba inawezekana. Wakaunda kamati yao, wakawa na mwenyekiti, wakawa na wajumbe katika vijiji vya ufukweni. Nayo haikuwa kamati ya kupiga picha na kula posho. Kazi yake kubwa ilikuwa moja ya kuchosha: kuwajua watu wao. Nani yuko wapi, amezaliwa lini, mama yake nani, nani anaweza kushuhudia. Kituo cha Haki Centre cha Mombasa, kikiongozwa na Phelix Lore, kilisimama nao. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikasimama nao. Na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, ambalo lilikuwa limeanzisha mwaka 2014 kampeni ya miaka kumi ya kumaliza hali ya watu kukosa uraia duniani, likasaidia. Walipeleka maombi yao Bungeni. Walisubiri. Mwaka 2021 Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, walipata uraia, Wapemba wakaambiwa wangoje. Januari 2023 Serikali ya Kenya ikakubali kuwatambua, na siku ya Ijumaa, 28 Julai 2023, Rais William Ruto akawakabidhi vitambulisho huko Kilifi.

Nasikia huko nyuma mzee mmoja ananong'ona, "Hao waliowasaidia wengine si Waislamu." Ndiyo, mzee wangu, makundi hayo si ya dini moja. Nami nakukumbusha Hilf al-Fudhul, mkataba uliofungwa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an kabla ya Utume, kwa ajili ya mgeni aliyedhulumiwa mali yake na hana kabila la kumtetea. Mtume (S.A.W.) aliuhudhuria akiwa kijana. Na baada ya Uislamu hakuukana. Aliusifu, akaeleza kwamba lau angeitwa kwenye mfano wake angeitika. Waliofunga mkataba ule walikuwa nani? Hata Waislamu hawakuwapo bado. Aliyedhulumiwa hakutanguliza kuuliza itikadi ya anayemvua mzigo, na sisi tusiwe wakali kuliko yeye.

Sasa nirudi kwenye neno uongozi. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa nane wa Hijra, walikuja wajumbe wa Hawazin wakiomba warejeshewe watu wao waliotekwa, nao walikuwa maelfu. Mtume (S.A.W.) akawaomba Waislamu wawaachie kwa ridhaa. Umati ukapaza sauti kukubali. Kiongozi wa zama zetu angetosheka na sauti ile, akaandika kwamba wananchi wote wamekubali. Yeye hakutosheka. Aliwaambia kwamba hajui kati yao nani amekubali na nani hakukubali, warudi kwanza, mpaka ma-urafaa wao wamletee habari ya kila mmoja. Ma-urafaa wakaenda, wakazungumza na watu wao, wakarudi na jawabu.

Mwenye Kiarabu ataona kwamba mmoja wao huitwa ariif, na asili yake ni arafa, alijua. Ariif ni mtu anayejua watu wake. Hakuitwa mwenye amri, wala mwenye kiti. Nami nasema ile kamati ya wavuvi wa Kilifi ni ma-urafaa, hata kama hakuna aliyewaita hivyo.

Na sisi kisiwani hatukuwa wageni wa jambo hili. Katika vijiji vya Wahadimu kulikuwa na watu wanne, wazee waliosimamia mambo ya mji, ardhi yake na mila zake, na kulikuwa na sheha, aliyekuwa baina ya mji na Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga. Jina la sheha limebaki mpaka leo. Limo katika sheria, na sheha wa leo huteuliwa na Serikali, ana ofisi na muhuri. Simsemi vibaya sheha yeyote. Kazi yake ni ngumu, malipo yake ni madogo, na watu humfuata nyumbani mpaka usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba sheha mmoja hawezi kuwa ariif wa kila nyumba katika shehia inayokua kama hii yetu. Mwaka 2012 Zanzibar tulihesabiwa watu 1,303,569. Mwaka 2022 tukawa 1,889,773. Hao waliozidi katika miaka kumi wanakaa wapi? Wengi wanakaa hapa pembezoni mwa mji, Magharibi "A" na "B", katika nyumba ambazo juzi zilikuwa makonde ya muhogo na mikarafuu.

Tena, Kidichi ni mji wa wageni tangu asili yake. Kila siku magari yanapanda kilima kuleta watalii waone hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe Shehrzad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, katikati ya karne ya kumi na tisa. Mgeni yule anakumbukwa kwa jina. Lakini waliobeba mawe ya hamamu ile, na waliopanda na kuchuma karafuu zilizoilipia, hakuna anayelijua jina la hata mmoja. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897 wakabaki katika vibanda vyao, wakaja Wanyamwezi kuchuma, wakaja watu wa Makunduchi na wa Pemba, na baada ya Mapinduzi zikagawiwa eka tatu tatu. Sisi ndio wajukuu wa wote hao. Aliye safi wa kutosha kumwambia mwenziwe "wewe si wa hapa" na asimame nimwone.

Hakusimama mtu. Alhamdulillah.

Nimefika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini sitapita. Miaka michache nyuma, katika madrasa ninayosomesha, tulikuwa tunaandikisha wanafunzi wa mashindano ya kuhifadhi Qur-ani. Nikawataka wote walete vyeti vya kuzaliwa, ili ijulikane umri wa kila mmoja. Alikuwapo mtoto mmoja, hodari, amehifadhi juzuu tano, mama yake alikuja kutoka Bara kufanya kazi za shamba. Amezaliwa kibandani kwa mkunga. Baba amekwisha kufa. Hana cheti. Akanijia mara ya kwanza mikono mitupu, nikamwambia kamlete mzazi. Akaja mama; nikamwambia, kwa adabu, lakini nilimwambia, kwamba mimi si ofisi ya vyeti, na kwamba utaratibu ni utaratibu. Mtoto hakuja tena. Nikaandika "ametoroka" mbele ya jina lake.

Baada ya miezi kadhaa nilimwona wakati wa darsa la asubuhi pembeni ya njia ya mashamba ya viungo, amekaa chini ya mnazi, anasuka kofia za makuti awauzie watalii. Akaniamkia, "Shikamoo maalimu." Nikaitika, nikapita. Wallahi ndugu zangu, nilipita. Mimi niliyesoma bure, kwa fedha za Waislamu nisiowajua, miaka mitano katika nchi ya watu, na huko huko kibali changu cha ukaazi kiliwahi kuisha nikawa naogopa kutoka bwenini kwenda sokoni kununua mkate. Nilijua ilivyo. Nilikuwa nimesahau.

Mnaikumbuka habari ya yule bibi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume; katika baadhi ya riwaya ni mwanamume. Alifariki usiku, wakamzika bila ya kumjulisha Mtume, kwa kuona kwamba jambo lake ni dogo. Mtume (S.A.W.) alimkosa, akauliza. Alipoambiwa akawalaumu, akataka aoneshwe kaburi, akenda akamsalia. Huwa tunaisoma hadithi hii katika mlango wa kusalia kaburini. Mimi siku hizi naisoma katika mlango wa uongozi: alimkosa. Katika mji mzima, wenye vita na mikataba na wajumbe wa wafalme, aliona pengo la mfagiaji.

Sasa la kufanya. Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, ambayo inampa kila mtoto haki ya jina na ya kuandikishwa. Tangu mwaka 2018 tuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaoandikisha vizazi, vifo, ndoa na talaka, na kutoa vitambulisho. Milango ipo. Anayekosekana ni mtu wa kumshika mkono mama yule asiyejua kusoma fomu, akaenda naye kwa mkunga aliyemzalisha, akaenda naye kwa sheha, na akarudi naye mara ya pili na ya tatu bila ya kuchoka. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya wenzetu wa Kilifi.

Najua pingamizi zilizomo vifuani. La kwanza, kwamba hii ni siasa, na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeleta maneno mengi katika visiwa hivi, hasa mwaka 2009. Ni kweli, na kwa hiyo mimi sitaji kitambulisho cha mkaazi wala kura. Kina masharti yake na wenyewe. Nazungumzia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kinachosema tu kwamba fulani amezaliwa mahali fulani, siku fulani, na wazazi wake ni fulani na fulani. Mtoto wa mgeni aliyezaliwa Kidichi amezaliwa Kidichi. Kulisema hilo hakumpi mtu kiti wala hakumnyang'anyi mtu shamba.

La pili ni zito zaidi, nalo ni uongo. Watatokea watakaotaka tuwashuhudie wasiyoyajua mashahidi, apunguziwe huyu umri, aongezewe yule baba. Ushahidi wa uzushi ni katika madhambi makubwa, na atakayeutaka kwetu ataukosa. Aliyeshuhudia ndiye atakayeshuhudia. Asiyejua atasema sijui, na kusema sijui ni nusu ya elimu kama walimu wetu walivyotuzoesha. Wapemba wa Kenya walifaulu pale walipoacha majina ya kuazima wakasema: sisi ni Wapemba, na makaburi yetu ni yale pale.

Nimezungumza na sheha, ameridhia, na imamu ameridhia. Kuanzia Jumamosi hii baada ya Alasiri patakuwa na daftari katika varanda ya msikiti. Tunataka watu sita, watatu wanaume na watatu wanawake, wanaojua nyumba za sehemu zao, msituletee wasemaji. Mama zetu wakunga, tunawaomba sana mje, maana mnayoyajua nyinyi hayamo katika ofisi yoyote. Na mwenye mtoto asiye na cheti aje naye, hata kama hasali hapa, hata kama hasali.

Jina la kwanza katika daftari nimekwisha liandika mwenyewe. Jana nilikwenda mpaka chini ya ule mnazi, sikumkuta. Wenziwe wamenambia siku hizi anakaa upande wa Kizimbani na mama yake. Anayepita njia ya huko asubuhi naomba anichukue.